Maoni ya Watazamaji Kuhusu Unga

Mama yangu mkubwa hushona sare za shule, na kuanzia asubuhi mpaka jioni huwa na pini mdomoni. Watu wa mtaa wamezoea kumweleza shida zao bila kutegemea jibu. Anapima bega, anaitikia kwa pua, anakata kitambaa. Lakini Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, huzitoa zile pini, huzichoma kwenye kimto chake, huvaa viatu vya kutokea na kwenda banda la video kuangalia filamu ya kutisha. Filamu moja, ile ile, mwaka nenda mwaka rudi. Haijawahi kumtisha.

Akiulizwa anafuata nini kule, husema anakwenda kumsikiliza mume wake.

Si kwamba amechanganyikiwa. Marehemu Baba Mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Spika, alikuwa mtafsiri wa filamu. Alijifungia kwenye chumba kilichogongelewa magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, akaangalia filamu ya kigeni huku akizungumza Kiswahili juu yake. Aliwasemea wote peke yake. Wanawake aliwatolea puani, majambazi tumboni, wazee aliwakohoza kidogo kabla ya kila sentensi. Aliwasemea watu mia kadhaa katika maisha yake, na nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani alikuwa anarudi ameyamaliza.

Filamu ninayoisema ni ya zamani sana, nyeusi na nyeupe. Mapacha wawili wa kike wanaishi kwenye jumba moja. Mmoja anatoka, ananunua vitu, anasalimiana na watu. Mwenzake hatoki chumbani. Hatuoneshwi wakiwa pamoja hata mara moja, na kadiri picha inavyokwenda unaanza kujiuliza kama kweli wako wawili. Damu hakuna. Kuna sahani mbili mezani, na moja hailiwi. Karibu na mwisho simu inalia, yule pacha wa nje anainua mkono wa simu, midomo yake inacheza, machozi yanamtoka, na muda wote anautazama mlango uliofungwa.

Siku Spika alipokuwa akirekodi sehemu hiyo, simu yake mwenyewe ililia. Aliyepiga ni Mama Mkubwa. Mume alikuwa ametoka asubuhi kwenda kununua unga, akapita chumba cha magodoro kwa dakika mbili, na dakika mbili zikafika alasiri. Mashine ya kurekodia ilikuwa ya kizamani, ukiisimamisha unaanza filamu upya. Kwa hiyo hakuisimamisha. Akapokea simu hapo hapo, kwa sauti yake ya nyumbani, ya chini, na diski ikameza kila kitu:

"Haloo."

Kimya.

"Unga nimeshapata."

Kimya.

"Mwambie asilie, nakuja."

Kimya kirefu.

"Usifunge mlango basi."

Kwa bahati isiyoelezeka, midomo ya yule mwanamke wa kwenye picha ilikubaliana na maneno hayo karibu neno kwa neno. Diski zikasambazwa. Watu wakaangalia, wakatoka mabandani wakiwa hawataki kurudi nyumbani peke yao.

Tangu hapo mtaa wetu una maoni. Kinyozi, ambaye huongoza mjadala akiwa na mashine mkononi na kichwa cha mtu nusu, anashikilia kwamba unga ni wa kumwaga sakafuni.

"Unamwaga usiku, asubuhi unaangalia nyayo. Zikiwa za mtu mmoja, basi pacha wa ndani hayupo. Filamu imeisha hapo."

"Sasa anayelia ni nani?" huuliza muuza nyama, mwanamke mpana mwenye bucha mkabala na kinyozi. "Kasema mwambie asilie. Wewe unga ule ni mifupa. Alimsaga mwenzake."

"Wewe kila kitu mifupa."

"Ndiyo kazi yangu."

Askari mstaafu, anayekaa hapo kwa kinyozi ingawa hana nywele, yeye ana neno lake moja. "Huo ni unga wa magendo. Miaka yote niliyokaa kazini sijasikia mtu akisema amepata unga kwa sauti ya chini namna ile, halafu awe na nia ya kupika."

Kuna pia wale wanaosimamia sauti. Wameona kwamba sauti ya simuni haifanani na ya mtu yeyote mwingine kwenye filamu, kwa hiyo ndani ya nyumba kuna mtu wa tatu. Hao ndio wasumbufu zaidi, na ndio peke yao wenye ukweli kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu wa tatu. Katika filamu zote alizotafsiri, hapo tu ndipo Baba Mkubwa alipozungumza kama yeye mwenyewe.

Mimi, kwa kuwa nimesoma na huona kila jambo lina dawa, niliwahi kumwambia Mama Mkubwa tunakili kipande hicho kwenye simu yake. Alale akisikiliza, aamke akisikiliza.

Alikuwa anatia upindo kwenye sketi. Akatoa pini ili anijibu vizuri, heshima ambayo hampi kila mtu.

"Kwenye simu nitakuwa nampigia mimi," akasema. "Kule bandani ananipigia yeye."

Sikurudia tena.

Basi, mwaka huu mwenye banda akaingiwa na maendeleo. Alianza kupaka kuta rangi, akanunua televisheni nyembamba, na siku moja akabandika tangazo mlangoni kwamba filamu ya mapacha sasa itaoneshwa katika nakala mpya, safi, sauti yake ya asili, tafsiri sahihi ikiandikwa chini ya picha. Mama Mkubwa alisoma tangazo lile akiwa na pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni. Akaingia ndani hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba mifuko.

"Na ile ya zamani?" akauliza, baada ya kuzihamishia pini mkononi.

"Imechakaa, mama. Inarukaruka. Watu wanastahili kuelewa filamu."

"Waielewe ili iweje?"

Mwenye banda akatabasamu kwa subira. "Mama, tangu nifungue hili banda watu wanabishana kuhusu unga. Nimechoka. Tafsiri hii imefanywa na wataalamu. Jumamosi tutajua yule mwanamke alisema nini hasa."

"Hakusema yeye. Alisema mume wangu. Nilikuwa nimempigia mimi, na unga ulikuwa wa kupikia."

Waliokuwa wakipaka rangi wakasimamisha brashi. Kinyozi alikuwa amekuja kuangalia rangi, na muuza nyama alikuwa amekuja kumwangalia kinyozi. Wote wakamgeukia Mama Mkubwa.

"Mama," kinyozi akasema kwa upole, "hayo ni maoni yako, na tunayaheshimu."

"Si maoni. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu."

Kinyozi akafikiri. Niliona wazo likimwingia taratibu. "Kwa hiyo wewe ndiye pacha wa ndani?"

"Mimi ni fundi wa sare. Mtoto alikuwa analia njaa."

"Mtoto," muuza nyama akarudia, akiwatazama wenzake. "Mnasikia? Kuna mtoto pia. Mimi nilisema idadi ya watu kwenye ile nyumba haijakamilika."

Mtoto mwenyewe ana ndevu siku hizi na anafunga mabomba ya maji. Bandani hakanyagi, kwa sababu kila akijitambulisha kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilia, watu husogeza viti.

Mama Mkubwa aliomba apewe ile diski. Mwenye banda akaona haya. Akatupeleka uani, kwenye kibustani cha mboga cha mke wake. Diski ilikuwa imening'inizwa kwa uzi juu ya mti mkavu, inazunguka na kumeremeta, inafukuza ndege.

"Nilijua ni takataka, mama. Nisamehe."

Akaipokea kwa mikono miwili. Tuliijaribu kwangu jioni ile, kisha kwa fundi wa redio. Jua na mchanga vilikuwa vimekwisha kuila. Mashine iliizungusha, ikakwaruza, ikaitema. Kuuliza kwa watu wenye nakala nyingine tuliuliza pia. Mmoja alikuwa ameiweka chini ya sufuria ya moto, mwingine watoto walikuwa wameifanya gurudumu. Hivyo ndivyo Baba Mkubwa alivyokatika, miaka baada ya kuzikwa. Mama Mkubwa hakulia. Alikwenda akamaliza kola za shule nzima, zimenyooka kama rula.

Jumamosi nikadhani hatakwenda. Nikamkuta amekwisha kuvaa viatu vya kutokea.

"Nataka nione wamemweka nani kwenye simu," akasema.

Banda lilijaa. Picha ilikuwa safi kweli, mpaka vumbi la kwenye jumba lile ukaliona. Watu hawakuifurahia. Wengine hawakuja na miwani. Wengine walisoma kwa sauti ili kusaidia jirani, na kwa kuwa hawakusoma kwa mwendo mmoja, pacha wa nje alikuwa akijibu kabla hajaulizwa. Askari mstaafu alilalamika kwamba maandishi yanamzuia kuona mikono ya watu, na mikono ndiyo inayobeba ushahidi. Mama Mkubwa alikaa benchi la tatu, kando yangu, mkoba magotini, ameunyamazia ukuta wa mbele kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini.

Simu ikalia kwenye picha. Yule mwanamke akainua mkono wa simu, akautazama mlango, midomo ikacheza, machozi yakatoka. Chini yake pakaandikwa: Samahani, umekosea namba.

Watu wa nyuma wakanyoosha shingo.

"Kasemaje?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Umekosea namba."

"Nani kakosea?"

"Aliyepiga."

"Na machozi yote yale ni ya kukosewa namba?"

"Unga uko wapi?" akauliza muuza nyama, kwa sauti ya mteja aliyepunjwa.

Mwenye banda akasimama mbele ya televisheni, mwili wake ukiwa umeliziba jumba la mapacha. Akasema wataalamu ndivyo walivyotafsiri, unga haupo, haujawahi kuwepo. Kinyozi akamwambia akae, hawezi kumwambia mtu mzima kwamba kitu alichokisikia kwa masikio yake hakijawahi kuwepo, maana hivyo ndivyo filamu yenyewe inavyofanya. Askari mstaafu akaamuru irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Umekosea namba. Ikarudishwa tena. Safari ya tatu mwenye banda, kwa hasira, akazima sauti kabisa ili watu wasome tu bila kisingizio.

Yule mwanamke akainua mkono wa simu katika ukimya. Midomo ikafunguka.

"Haloo," akasema kinyozi, chini chini, kutoka pale alipokaa.

Hakuwa anatania. Nadhani hakuvumilia tu kuona midomo ile ikienda bure. Na baada yake, pale pale ambapo ukimya wa kwanza huwa, nikasikia pembeni yangu sauti ya mwanamke mwenye haraka zake:

"Uko wapi wewe tangu asubuhi, na huo unga?"

Vichwa vyote viligeuka. Lakini midomo ya kwenye picha ilikuwa inaendelea, haimsubiri mtu, na banda zima lilikijua kilichofuata.

"Unga nimeshapata," wakasema, kama watu thelathini kwa pamoja, muuza nyama na wapaka rangi na wale wa mtu wa tatu.

"Mtoto analia huku. Sina tena cha kumwambia."

"Mwambie asilie, nakuja."

"Neno hilo hilo kila siku. Mimi nafunga, nenda kalale na magodoro yako."

Hapo ndipo penye kimya kirefu. Miaka yote watazamaji walikijaza kwa hofu zao. Sasa walijua kilikuwa cha mtu aliyegombezwa, anayetafuta la kusema.

"Usifunge mlango basi," wakasema taratibu, na kuna mtu nyuma alilisema vizuri mno, kwa unyonge wa kweli.

Siku ile yenyewe, Mama Mkubwa aliwahi kunieleza, alikata simu bila kujibu, na mlango akaufunga. Spika aligonga, akafunguliwa, wakala. Mambo ya nyumba. Sasa, pale bandani, mikono yake ilikuwa juu ya mkoba. Yule mwanamke wa kwenye picha bado alikuwa ameshika simu sikioni.

"Haya," akasema Mama Mkubwa. "Sifungi."

Simu ikarudishwa mahali pake.

Hakuna aliyepiga makofi, na namshukuru Mungu. Walikuwa wamekwisha kuanza kubishana. Kabla hatujafika mlangoni kinyozi alikuwa amebadili msimamo, akisema nyayo zitakuwa za watu wawili. Askari mstaafu alimkuta Mama Mkubwa barabarani, akamwambia kwa heshima zote kwamba kesi imekamilika, kwa kuwa sasa yupo aliyenunua na yupo aliyeupokea.

Sauti ya Baba Mkubwa haipo tena popote. Nimemuuliza Mama Mkubwa kama anaikumbuka, akaitikia kwa pua, na sikuweza kujua ni ndiyo au hapana. Lakini Jumamosi bado huvaa viatu. Mwenye banda amesalimu amri. Picha inakwenda na maandishi yake ya kitaalamu, na ikifika kwenye simu anazima sauti na kuangalia pembeni. Wanamsemea Spika wote, kila mtu kwa namna yake, na hawapatani.

Juzi nilikuwepo. Kinyozi, kwa kujisahau, alidakia "nakuja" kabla ya zamu yake. Mama Mkubwa akageuka kwenye benchi.

"Usiwahi," akamwambia. "Yeye alikuwa anachelewa."