Upara wa Chidosa

Zama za Wajerumani, Chidosa wa Hombolo aliumwa na mshipa uliodunda kichwani usiku na mchana. Daktari wa Kijerumani pale Dodoma akasema umejisokota juu ya ubongo, lazima afungue fuvu aufunge. Kisu Chidosa hakukiogopa. Aligoma kunyolewa, maana kwetu Ugogo mtu hunyoa akifiwa, na misuko yake ya udongo mwekundu ndiyo iliyompatia wake wawili. Wakamnyoa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa.

Akapona. Alirudi nyumbani akijiandaa kueleza kwamba hakuna aliyekufa, akawakuta ndugu zake nao wamenyoa, wanagawana ng'ombe wake.

“Msiba wa nani?”

“Wako,” kaka yake akajibu, kamba ya fahali mkononi. “Na kwa kuwa nawe umenyoa, naona umekubali.”