Watakatifu wa Vitambaa

Mimi ni fundi wa kushona. Kibanda changu kiko sokoni, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Vitambaa vilivyokuwa vikibaki baada ya kukata nguo za wateja ndivyo vilivyonifanya mwalimu wa watoto kanisani.

Kigango chetu hakikuwa na kitabu cha picha hata kimoja. Jumapili watoto wadogo walilia, wakasukumana, wakatoka nje katikati ya misa, mpaka padri mzee tuliyekuwa naye wakati huo akaniomba nikae nao wakati wa mahubiri katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Mara ya kwanza sikujua niwaambie nini. Mara ya pili nikabeba mfuko wa vitambaa, makasi na gundi ya unga niliyoipika mwenyewe, tukamtengeneza Mtakatifu Martini: kanzu nyeupe, joho jeusi, ufagio wa njiti mkononi. Walitulia kama vifaranga walionyeshewa.

Tuliendelea hivyo miaka kadhaa. Fransisko tulimzungushia kuku, maana watoto walisema ndege wanaowajua vizuri ni ingokho. Mashahidi wa Uganda tuliwavika vipande vya sare ya shule, moto tukaukata kwenye kitenge chekundu. Monika nilimshonea machozi ya shanga, na kila mtoto alitaka kuyagusa.

"Mwalimu, alikuwa analilia nini?"

"Mume wake na mtoto wake walimsumbua. Akaomba, akaomba, mpaka wakabatizwa."

Padri mzee alihamishwa, akaja kijana. Halmashauri ya kanisa nayo ikabadilika, na mwenyekiti mpya, mama mmoja anayefundisha shule ya msingi, akaleta hoja kwamba hakuna atakayefundisha watoto kama hapokei Ekaristi. Mimi sikuwa nikipokea, kwa hiyo padri aliniita ofisini. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, ningepata wa kumchukia.

"Mama, ndoa yako imebarikiwa?"

"Hapana, Padri."

"Kwa nini?"

"Mzee wangu hataki."

"Basi zungumza naye. Mlete hapa, tutamsaidia."

Jioni hiyo nilimsubiri mume wangu amalize kula. Tulikuwa tumekaa pamoja tangu nikiwa msichana, wazee wa pande zote mbili wakijua, watoto watatu. Nilimweleza. Akanawa mikono polepole.

"Mimi sifungwangi na kanisa," akasema. "Leo nikibariki, kesho nikitaka kuongeza mke, nitamwambia nini padri?"

"Unataka kuongeza?"

"Nimesema kama." Akacheka. "Na hao watakatifu wako wa vitambaa, ni wangapi walikuwa na waume?"

Nilitoa vyombo.

Jumapili iliyofuata msichana aliyekuwa ametoka tu kumaliza sekondari akachukua watoto wangu. Akina mama wenzangu walinishika bega wakaniambia niige Monika. Baadaye mwenyekiti akaja kibandani, akavuta kiti.

"Mama, sisi hatuna neno na wewe. Ni sheria tu. Lakini zile picha utaendelea kututengenezea, si ndiyo? Watoto wanazipendanga sana."

Nikasema ndiyo. Nadhani niliogopa kwamba nikikataa, wataona nilikuwa nafanya kwa ajili ya cheo. Basi kila Jumamosi nilikata na kushona, yule msichana akaja kuchukua. Mikono yangu iliruhusiwa kuingia kile chumba, mimi mwenyewe nikabaki kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango.

Sikukuu ya Watakatifu Wote, watoto waliingia kwa maandamano wakiwa wamevaa majoho niliyoyashona, kila mmoja mtakatifu wake. Kanisa lilipiga vigelegele. Padri alimshukuru mwalimu, akaishukuru halmashauri. Nje, mwenyekiti akanisogelea.

"Hatungeweza kukutaja. Ungeleta maswali."

Mwaka uliofuata mume wangu alipata kazi ya kuendesha trekta huko Lugari, akawa anarudi mara moja moja, kisha akaacha kurudi. Habari niliipata kwa shemeji yangu, aliyekuja kibandani akakataa kuketi. Mume wangu alikuwa ameoa. Tena kanisani, kwa matangazo, pete na kwaya, kwa sababu wazazi wa yule binti walikataa harusi ya aina nyingine.

Nilifunga kibanda, nikaenda kwa padri bila hata kuvua utepe wa kupimia shingoni.

"Padri, inawezekanaje? Nina watoto watatu naye."

Aliniangalia kwa huruma. "Lazima awatunze watoto, hilo ni wajibu wake. Lakini kwa kanisa, mama, haikuwa ndoa. Alikuwa huru. Na wewe pia sasa uko huru. Ungama tu, utarudi mezani pa Bwana."

Aliniambia kama mtu anayempa mwenzake habari njema.

Niliungama. Nilifanya hivyo kwa sababu binti yangu wa mwisho alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, na alitaka nipokee naye. Gauni lake nililishona kwa satini. Siku ilipofika, padri akaomba wazazi wasimame na watoto wao. Baba yake alikuwa amekuja, na mke wake. Akasimama upande mmoja wa mtoto, mimi upande wa pili. Alipokea kabla yangu, macho amefumba, mikono amekunja vizuri kama mtu wa kanisa tangu kuzaliwa. Mimi nilipokea nikiwa nimeuma meno, na sala iliyonijia siwezi kuiandika hapa.

Nje, mwenyekiti alinikumbatia.

"Karibu nyumbani, mama. Sasa hakuna kizuizi. Jumapili watoto wanakungoja."

"Wana mwalimu."

"Lakini hajui kushona."

"Atajifunza."

"Usiwe na uchungu, mama."

"Nitakuwa nao," nikamwambia. "Na sitashona tena."

Akaondoa mikono yake. Binti yangu akanivuta nguo, akauliza kama anaweza kwenda kupiga picha na baba yake. Nikamnyooshea kola, nikamwambia aende.