Jicho la Pili la Twiga

Nilipokuwa mtoto, pale mtaa wa Tena, sebule yetu ilinukia mti uliochongwa mwaka mzima. Baba alikuwa mchongaji, Mkamba wa damu. Mama yake, tuliyemwita Susu, aliishi nasi, na alikuwa na sheria moja: ukianza kumchonga mnyama macho, yamalize yote mawili kabla jua halijatua. Ukimwachia moja, usiku atatafuta la pili, na atalichukua kwako.

Sasa, siku moja Baba akamwacha twiga na jicho moja. Aliitwa kwenye matanga kwa jirani, akarudi amechoka, akalala. Asubuhi aliamka jicho lake la kushoto limegeukia puani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na makengeza maisha yake! Alisema kichwa kinamgonga, na kila kitu anakiona mara mbili, ila akifumba jicho moja kinarudi kuwa kimoja.

Mama alitaka waende hospitali. Susu akakataa katakata.

"Amalize kwanza alichokianza," alisema.

Basi Baba akaketi mlangoni, twiga mapajani, akalichonga lile jicho. Tulimzunguka, pumzi tumezibana. Alipomaliza alimwinua twiga karibu na uso, akamtazama weee.

"Naona mmoja," akasema.

Susu alipiga vigelegele. Mama alilia kwa furaha, akakanda unga wa chapati, nami nikatumwa dukani kuleta mafuta. Niliporudi, Baba aliniona kule langoni, akatabasamu.

"Karibuni, mabinti zangu."

Nilikuwa peke yangu, na sikuwa na dada. Tulicheka sote. Susu akasema hiyo ni ishara, Mama atapata mtoto mwingine. Baba naye alicheka, huku kiganja kimefunika jicho.

Alipelekwa hospitali alipoanza kutapika kila asubuhi na kuyumba akitembea. Daktari alisema kuna uvimbe kichwani, na kwamba mtu mzima akigeukwa na jicho ghafla vile hapaswi kungojeshwa hata siku moja. Alieleza pia kuwa jicho la namna hiyo huweza kuona kitu kimoja kikiwa karibu, na viwili kikiwa mbali. Mama alimwomba arudie, akarudia. Tulimzika Baba kwao Machakos.

Susu hakuitaja tena ile sheria hadi anaondoka duniani. Simlaumu, maskini. Alimpigania mwanawe kwa silaha aliyoijua, na sisi wote tulitaka sana awe sahihi.

Twiga yuko kwangu sasa, juu ya kabati la televisheni. Kila nikimfuta vumbi naliangalia lile jicho la pili, limekaa vizuri kuliko la kwanza, na moyo unaniuma upya. Maana Baba alituambia siku ileile, mchana kweupe, kwamba hajapona. Tukacheka, tukala chapati.