Kiwanja Namba Kumi na Saba

Watu wa upande ule walipohamishiwa vijijini, mwaka wa sabini na nne, Magige Kwangu alikuwa balozi wa nyumba kumi na mzee wa kanisa, mwenye mke na watoto watano. Mtu asidhani alikuwa mwizi. Ng'ombe wa mtu hakuwahi kuswaga, wala pamba yake hakuwahi kuinyunyizia maji ili izidi uzito mzanini. Ndiyo maana baadaye, kila alipojiuliza siku ile alipatwa na nini, hakupata jibu.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Kijiji kipya kilipimwa kando ya njia ya kutoka Butiama kwenda Bunda. Wapimaji walichomeka vigingi vyenye namba, wakamkabidhi Magige orodha ya watu wake, kisha wakaenda kula. Magige akabaki peke yake na jua la saa saba. Akatafuta namba yake, kumi na saba, akaikuta bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Namba kumi na nne, ya Mseti, ilikuwa juu kwenye changarawe. Alisimama kidogo. Halafu akang'oa kigingi hiki akakipeleka kule, akang'oa kile akakileta huku. Kazi ya kuvuta sigara moja. Wapimaji waliporudi wakichokonoa meno, aliwauliza kama wameshiba.

Mseti alikuja na mkewe Wankyo, na miti ya nyumba yao ya zamani kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Yeye na Magige walikuwa rika moja, walitahiriwa msimu mmoja. Alipoonyeshwa kiwanja chake bondeni alicheka.

"Kumbe serikali inafikiri mimi ni mpunga!"

Magige naye akacheka. Kwa aibu akaenda kumsaidia kufyatua matofali siku nne nzima, na Mseti akamshukuru mbele za watu: "Balozi wa namna hii mtampata wapi?"

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha wiki nzima. Asubuhi moja Wankyo akiwa anakoroga uji, ukuta wa jiko ukamlalia. Walimtoa hai, nyonga imevunjika. Akapakiwa kwenye lori hadi hospitali Musoma, akakaa huko miezi minne. Alirudi na gongo, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Chakula kikawa hakipiti kooni kwa Magige.

"Baba Robi, unaumwa?" mkewe Hana alimwuliza.

"Siumwi."

"Basi mbona mvua ikinyesha unatokaga nje kuangalia nyumba ya watu?"

Kesho yake alipanda baiskeli akaenda kwa Mchungaji Mihayo, akamkuta anapalilia mihogo, akamweleza habari ya vigingi. Mchungaji akalaza jembe.

"Umetubu kwa Mungu?"

"Nimetubu mpaka magoti yameota sugu."

"Basi Mungu amekusamehe. Dhambi yako ameitupa vilindini mwa bahari. Lakini Mseti hakuwepo ulipokuwa unaomba. Kamwambie."

Mara tatu Magige alifika karibu na nyumba ya Mseti, mara tatu akageuza baiskeli. Mwishowe alisimama kanisani Jumapili, akasema yote mbele ya ushirika. Mseti alikuwa benchi la tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake, akatoka. Wankyo hakuweza kuharakisha. Watu wote walisikiliza gongo lake likigonga sakafu mpaka mlangoni.

Mkutano wa kijiji ulimvua ubalozi. Hilo Magige alilitegemea. Asilolitegemea ni kwamba siku mbili za kwanza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Hata wimbo aliimba. Siku ya tatu akamwona Wankyo anakwenda kisimani, akisimama kupumzika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ule wepesi ukamtoka wote. Akarudi kwa Mchungaji.

"Mchungaji, ile dhambi ilitupwa baharini kweli?"

"Ilitupwa."

"Mbona Wankyo bado anachechemea?"

Mchungaji akamsimulia habari za mfalme Daudi, jinsi alivyosamehewa na bado mtoto akafa. Magige alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Kama msamaha hauponyi nyonga, unaponya nini? Na kama mkosaji ni yeye, mbona anayechechemea ni mwingine? Daudi angalau alifiwa na mwanawe mwenyewe.

Akaona dawa ni kubadilishana viwanja. Akamtuma Hana kwa Mseti, maana mwenyewe hakuthubutu. Hana alirudi na jibu fupi: "Serikali imenihamisha, halafu na wewe umenihamisha. Sihami tena."

Ndipo akashika jembe. Alikwenda alfajiri kwenye shamba la ulezi la Wankyo, akapalilia bila kumwambia mtu. Siku ya pili Mseti akamkuta.

"Nani amekwambia mke wangu ni mjane?"

"Hapana, Mseti, mimi nilitaka tu..."

"Toka shambani kwangu!"

Mchungaji naye aliposikia hakufurahi. "Yesu amekwisha kulipa, Magige. Unataka kumwongezea kwa jembe?" Kweli, Magige alikuwa analipa? Au alikuwa anasaidia tu, kama mtu anavyomsaidia mgonjwa? Hakujua. Alijua tu kwamba akilima, chakula kinapita.

Aliyekata shauri ni Wankyo. Siku moja alimwita kutoka njiani, mumewe akiwa amekwenda Bunda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha.

"Shemeji, lile shamba ulilianza, utalimalizaga lini?"

"Mwenyewe amenifukuza."

"Nitaongea naye. Kulima kwako hakuniponyi, lakini magugu yatapungua."

Magige akachuchumaa. "Mama, wewe umenisamehe?"

Wankyo alimtazama. "Asubuhi nikisali, nimekusamehe. Jioni nyonga ikiuma, sijakusamehe. Sasa sijui Mungu anaandika ipi."

Magige akaondoka na jembe lake begani.

Kanisani kwao, kabla ya Meza ya Bwana, watu huoshana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Pasaka ya mwaka wa sabini na saba Magige, aliyekuwa ametengwa na Meza tangu alipokiri, alikuwa ameruhusiwa kurudi mezani. Alikaa pembeni akitazama wenzake wakishikana wawili wawili, akijua hakuna atakayemfuata. Akasikia karai linawekwa mbele yake. Akainua macho: Mseti.

"Vua makatambuga."

"Mseti, ndugu yangu..."

"Usiseme kitu. Bado nina hasira na wewe. Lakini nimeambiwa nikuoshe."

Akamwosha kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, mpaka katikati ya vidole. Akamfuta. Halafu akakaa kwenye benchi, akatoa miguu yake. Magige aliiosha, maji mengine yakamwagika sakafuni. Walipoinuka Mseti akasema, akiwa anaangalia dirishani, "Kesho njoo na jembe. Lakini upite mlangoni, usalimie kwanza. Usiingie shambani kwangu kama ngedere."

Kesho yake Magige alipita mlangoni, akasalimia. Wankyo akamletea uji kwenye kibuyu. Mseti alikunywa wake, wakaenda kulima, kila mtu na mstari wake.

"Wamekusamehe?" Hana aliuliza jioni.

"Sijui. Wamenipa uji."

Alilima pale kila msimu wa palizi, mwaka baada ya mwaka, mpaka vijana wa Mseti walipopata nguvu za kushika plau. Siku nyingine Wankyo alimpita kutwa nzima bila neno. Siku nyingine alimwita aje amshikie mbuzi akamue, wakacheka. Magige hakuwahi kujua leo itakuwa siku ipi mpaka amefika. Lakini alifika.