Mkono wa Marehemu Leodgar

Studio ya Winfrida, pale Ujiji, haina dirisha. Lilikuwepo, lakini marehemu mumewe Leodgar aliliziba kwa matofali ili injini za mitumbwi zisiingie kwenye maiki. Zimebaki kuta zilizobandikwa trei za mayai, na feni ambayo ni marufuku kuiwasha watu wakiimba. Humo ndimo Winfrida anamoshinda.

Siku ya kuanua tanga ukoo uliketi ukaamua. Mitambo ni ya Castory, mdogo wake marehemu. Mjane afanye kazi humo alee watoto, ila studio ilie kama alivyoiacha Leodgar. Sauti ikibadilika tu, mitambo inahamia kwake Mwandiga. Castory mwenyewe hajui hata hedifoni inavaliwa upande upi, lakini ndiye msimamizi, na hakuna wimbo unaotoka kabla hajausikiliza. Winfrida amekalia kuti kavu na anajua.

Kilichompa Leodgar jina ni mwangwi. Wimbo ukiwa unapigwa, alizungusha kitufe cha mwangwi kwa mkono, na kompyuta ikakariri kila mzunguko. Ukiurudia wimbo, kitufe kinazunguka chenyewe kwenye kioo cha kompyuta, bila mtu. Ubeti wa tatu aliuachia mwangwi wote, na kila kwaya kuanzia Kagunga hadi Kidahwe ikautaka. Kwa hiyo Winfrida hufungua wimbo wa zamani wa mumewe, akafuta sauti, akaweka za kwaya mpya kwa mwendo uleule, na mizunguko akaiacha palepale. Mwaka wa pili huu anakaa mikono mapajani, akimtazama marehemu akifanya kazi. Mwanzoni alikuwa akilia. Siku hizi anachoka tu, na kuchoka huko kunamtia aibu.

Ndipo ikaja kwaya ya Kidahwe na kiongozi wake, Mama Yuliana, aliyetunga wimbo wa kumlilia bintiye Esther. Ubeti wa tatu aliuimba peke yake, akimwita marehemu kwa jina, polepole, kama mama anayemwamsha mtoto. Winfrida alipomsikilizisha, kitufe kilizunguka, mwangwi ukafumuka, na Esther akaitwa kuta zote nne.

"Mwanangu," Mama Yuliana alisema, "mbona hapo kama naita mtu sokoni?"

"Ndivyo studio yetu ilivyo, mama."

"Basi mimi siutaki. Heri nirudi nao Kidahwe ukiwa mdomoni."

Winfrida alimtazama yule mama, akatazama mlango. Kisha akaifuta mizunguko ya Leodgar kwenye ubeti ule, haraka kama mwizi. Akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akashika kile cha mwangwi. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, na kompyuta ikaukariri hata mtetemeko. Akafuta. Mara ya pili aliliacha jina lipite kavu, na Mama Yuliana alipoishiwa pumzi ndipo akazungusha, kidogo tu. Walipousikiliza tena, kitufe kilitulia, kikasubiri, kikageuka chenyewe. Ulikuwa mkono wake. Winfrida alifurahi hadi akasahau joto.

Castory alikuja mchana ule ule, akavaa hedifoni kinyume kama kawaida, akafumba macho. Ubeti wa tatu ulipopita alizivua, mashavu yamelowa.

"Unasikia, shemeji? Huyo ndiye kaka yangu! Mkono wa Leodgar haufichiki."

Winfrida alifungua mdomo. Kusema ukweli ni kukiri kwamba amegusa, na watoto wake wanakula kutoka chumba hiki. Mama Yuliana alimtupia jicho, akaukaza mtandio wake.

"Ndiyo, shemeji," Winfrida alisema.

"Hivi ndivyo alivyotaka siku zote, sisi tu hatukusikia vizuri." Castory alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa kuanzia leo nyimbo zote zikae hivi. Hapo kwenye ubeti wa tatu usiguse tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kesho yake iliingia kwaya ya Kagunga, na wimbo wa harusi wenye vigelegele. Winfrida aliwapangia mwendo, akaweka sauti zao juu ya mizunguko ya jana, akaweka mikono mapajani. Ubeti wa tatu ulipofika, kitufe kilitulia, kikasubiri, kikageuka chenyewe, kidogo tu.

"Leodgar huyo!" wanakwaya walisema, wakapiga makofi.