Mji Uliokosa pa Kuzika

Jumatatu asubuhi tulianza na sala, kisha taka. Ndivyo kikao cha wakuu wa idara kilivyokwenda kila wiki katika halmashauri niliyopangiwa kazi, mji mdogo wa barabarani upande wa Mbeya ambao jina lake naliacha, maana wenyeji wake wameshaona aibu za kutosha. Mkurugenzi akishakaa, mmoja wetu anaomba, sisi wengine tunaitikia amina tukiwa tumejikunyata ndani ya makoti. Kisha ananigeukia.

"Haya, mama afya. Gari la taka limeamkaje?"

Mara nyingi lilikuwa limeamka bovu. Wenzangu walicheka, nami nilicheka, halafu tunaendelea na ajenda nyingine.

Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa. Nilisomea afya ya mazingira nikiamini nitazuia kipindupindu. Nilipofika kule nikakabidhiwa kila kitu ambacho mji hautaki kukitazama: taka, vyoo vya stendi, machinjio, mbwa wasio na mwenyewe, na makaburi. Jumanne nilipokea watu wenye malalamiko. Jumatano nilikwenda machinjioni. Alhamisi ilikuwa siku ya gulio, na jioni yake mji mzima ulinuka kabichi iliyooza. Ijumaa nilipanda makaburini kuonyesha mahali pa kuchimba, kwa kuwa wafiwa wengi walisubiri Jumamosi ndugu wafike.

Makaburi yenyewe yalikuwa kando ya barabara kuu ya Zambia, chini ya mikaratusi. Wenyeji hawakuyahitaji sana. Wao huzika nyumbani, nyuma ya migomba, na ukienda kusalimia unawakuta babu na bibi wamelala hatua chache kutoka jikoni. Lakini mji wetu ulikuwa umegeuka mji wa wapangaji. Utingo, mpishi wa hoteli ya stendi, mwalimu aliyehamishwa, mama wa mitumba, wote wamepanga chumba, na hakuna mwenye nyumba anayekubali mpangaji wake azikwe uani. Hao ndio waliokuja kwangu.

Nilipofika, njia za kupita katikati ya makaburi zilikuwa bado zinaonekana. Baadaye tukaanza kuzika kwenye njia. Njia zilipokwisha tukazika katikati ya kaburi na kaburi, mtu akilala upande kama abiria aliyechelewa. Ijumaa moja wachimbaji waliniita, nikachungulia shimoni. Mkono wa mtu ulikuwa umetokeza ukutani, na nguo yake bado ina rangi. Tuliufunika, tukasogea kidogo, tukaanza shimo jingine.

Jumapili hiyo nilimpigia mama simu Iringa.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu Kihehe. "Kazi?"

"Kazi ipo, mama. Nazika tu."

"Si ulisomea usafi?"

"Na huu ni usafi, mama."

Akaniuliza kama nimekula.

Mkurugenzi aliponiambia nitafute eneo jipya, nilizunguka mitaa yote. Nilikaa kwenye mikutano ya hadhara, kwenye madawati ya shule, nikieleza. Kila mahali walinisikiliza kwa heshima na kunikatalia. Mtaa mmoja mwenyekiti alisimama akasema, "Mama afya, sisi tuliomba zahanati. Sasa mnaanza kutuletea makaburi?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, maana nilikuwa nimekaa kwenye kikao kile ombi lao la zahanati liliposogezwa mbele kwa mara nyingine.

Aliyekubali alikuwa mzee mmoja wa Kisafwa mwenye shamba la viazi chini ya msitu wa misindano. Alitaka kubadilishana. Sisi tuchukue shamba, yeye apewe viwanja karibu na barabara. Mwanawe mkubwa alikuwa na duka Mbalizi, na wengine walikuwa mbali zaidi. Tulisimama naye shambani, upepo ukivuma, akaniambia, "Watoto wangu hawalimi tena. Bora shamba hii ikae na watu, hata kama wamelala."

Niliipenda kauli hiyo. Niliirudia kwenye kikao cha Jumatatu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, ajenda ya makaburi ilipita bila mtu kuguna.

Tulichimba mashimo ya majaribio mwezi wa sita. Udongo ulitoka mweusi juu, kisha mwekundu, kisha mgumu, na mkavu kabisa. Lakini mwezi wa sita kila kitu kule ni kikavu. Midomo inapasuka, majani yanaungua kwa jalidi, ule umande unaoganda usiku. Nikamwambia mkurugenzi tusubiri masika, tuyatazame mashimo yale mvua ikishanyesha ya kutosha.

Hakuwa mtu mbaya yule. Alivua miwani akajisugua macho.

"Mama afya, mwaka wa fedha unaisha mwezi huu. Hela hii tusipoitumia inarudi, na sijui kama itakuja tena. Halafu ni wewe mwenyewe uliyeniambia mmefukua mkono wa mtu. Nikuruhusu uendelee kufukua mpaka masika?"

Kila alichosema kilikuwa kweli, na nilichosema mimi kilikuwa kweli pia.

Basi pakajengwa uzio, pakawekwa geti la chuma na kibao cha rangi ya buluu. Kiongozi mmoja alikuja kufungua. Alipokata utepe watu walitazamana, hawajui kama makaburi hupigiwa makofi. Mwishowe akapiga mwenyewe, nasi tukamfuata.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kila Ijumaa wafiwa walinijia. "Mama, tunaomba hata upenyo kule kwa zamani. Tusimwache peke yake porini." Niliwakatalia, wakaenda kwa diwani, diwani akanipigia simu, nikakubali. Tuliendelea kupenyeza watu hivyo mpaka madiwani wenyewe wakaazimia kwamba makaburi ya zamani yafungwe. Mvua zilikuwa zimekolea tayari.

Aliyetangulia alikuwa muuza vitunguu. Alitokea Ruaha Mbuyuni, akaleta vitunguu vyake kwenye gulio letu, akampata mke, akakaa. Kwao walikuwa wamebaki wachache na mwili usingeweza kusafirishwa. Mkewe, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikaanga mihogo stendi, alikuja ofisini kwangu na shemeji mmoja. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Kule kunafikika na mvua hii?"

"Panafikika, dada."

"Basi sawa."

Jumamosi nilifika mapema. Wachimbaji walikuwa wameanza alfajiri, na nilipokaribia niliwaona wamesimama nje ya shimo, wameegemea makoleo. Nikachungulia. Chini palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yanatoka ukutani taratibu, bila kelele, kama jasho.

"Choteni," nikasema.

Walichota kwa ndoo. Mmoja aliingia ndani, maji yakamfika magotini, akawa anapokeza ndoo juu na mwenzake anamwaga pembeni. Yakapungua mpaka tukaliona tope. Alipotoka tu yakaanza kurudi. Tukasogea upande wa juu, tukachimba jingine. Nalo kabla halijafika kiunoni likaanza kutoa maji. Nilimpigia mkurugenzi. Alikuwa Mbeya kikaoni, akaninong'oneza, "Fanya utakavyoona inafaa," akakata.

Wafiwa walifika wakiimba. Walikuja kwa miguu nyuma ya gari la mizigo lililobeba jeneza, akina mama wamejifunga vitenge, wachache wana miamvuli. Wimbo ulikatika safu kwa safu, kadiri kila safu ilivyofika na kuona. Mwinjilisti alinisogelea, Biblia kaifunika kwa koti.

"Hakuna namna, mama?"

"Tunachota, mwinjilisti. Yanarudi."

Mtu mmoja alishauri tutandike matawi ya misindano chini, mwingine mawe. Yule shemeji akasema tushushe tu, tumwage udongo upesi, Mungu anajua. Wanaume wakaanza kushika kamba. Hapo ndipo mjane alipotoka katikati ya wenzake, akasogea mpaka ukingoni, akatazama ndani kwa muda.

"Hapana," akasema. "Mume wangu simtii kisimani."

"Shemeji, tutafanyaje sasa?"

"Sijui mtafanyaje. Lakini humu hapana."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aligeuka, akanitazama mimi, si mwinjilisti wala shemeji yake. Ningependa kusema alinitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama karani wa dirishani ukisubiri akuambie uende dirisha gani.

Tukalirudisha jeneza garini. Msafara ulipanda tena barabara ileile ya matope mpaka makaburi ya zamani, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyafunga. Nilifungua geti. Tulitafuta pa kuchimba huku jeneza likisubiri kwenye gari, wanaume wanachoma ardhi kwa vyuma hapa na pale, na kila walipochoma walikuta kaburi la mwingine. Mwisho tukapata kipande kando kabisa ya uzio, upande wa barabara, ambapo hata mtaro wa maji ulikuwa umekaribia. Alizikwa hapo jioni. Malori yalikuwa yakipandisha mlima kwa gia ndogo, na kila moja lilipopita hatukusikia mwinjilisti anasema nini. Tuliitikia amina kwa kukisia.

Jumatatu tulianza na sala, kisha taka, kisha makaburi. Ikaamuliwa aletwe mtaalamu wa maji kutoka Mbeya. Alikuja baada ya wiki nyingi, akapima, akasema chini ya shamba lile kuna tabaka gumu, mvua ikinyesha maji yanakaa juu yake. Patafaa ikichimbwa mifereji. Mifereji haikuwa kwenye bajeti ya mwaka ule. Ikaingizwa kwenye mapendekezo ya mwaka uliofuata, ikaondolewa huko juu. Mkurugenzi wetu akahamishwa. Aliyekuja akasema hawezi kuendeleza kitu asichokijua, apewe muda akisome. Kabla hajamaliza kukisoma naye akahamishwa.

Yule mzee wa shamba, ingawa viwanja vyake alishapewa, alianza kuja Jumanne. Alikaa kwenye benchi pamoja na wenye malalamiko ya mitaro na mbwa, kofia magotini, mpaka zamu yake ifike.

"Mama, mmeshindwa kuzika. Nirudishieni nilime."

"Mzee wangu, lile sasa limeshabadilishwa matumizi. Ni makaburi kisheria."

"Makaburi bila maiti?"

"Ndiyo, mzee."

Siku moja nilichoka nikamuuliza mbona hakutuambia kuwa kuna maji. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nililima viazi. Viazi havichimbiwi kina cha kaburi."

Aliendelea kuja. Kisha Jumanne moja hakuja, wala iliyofuata, na baadaye nikasikia mwanawe amemchukua akakae naye Mbalizi. Nilisikia nafuu benchi lilipokuwa halina mtu wake. Nafuu hiyo nayo ilinihuzunisha.

Nyasi zimeota ndani ya uzio ule mpaka zimefika kiunoni. Watu hufungulia ng'ombe humo. Kwenye makaburi ya zamani tunaendelea kuzika. Kila Ijumaa napanda, nachagua, naonyesha kwa kidole. Mama ameshaacha kuniuliza habari za kazi. Akipiga simu tunaongelea mvua ya Iringa na mvua ya huku.

Mwaka jana, kiangazi, mjane wa muuza vitunguu alikuja ofisini. Nilimtambua mara moja ingawa alikuwa amekonda zaidi. Alikuwa amekusanya cha kujengea kaburi la mumewe, saruji kidogo na msalaba wa chuma aliochomelewa na fundi wa stendi. Alikuwa amekwenda peke yake asubuhi ile na hakuliona kaburi.

"Pengine nimepotea mimi," akasema. "Naomba unisindikize, mama."

Tulikwenda. Msalaba wa mbao aliokuwa ameuweka siku ile haukuwepo. Kule watu huokota mbao za kuwashia moto wakati wa baridi, na simlaumu mtu. Lakini si msalaba tu. Kando ya uzio mzima tulikuwa tumezika wengine tangu wakati ule, mmoja baada ya mwingine, na mtaro nao ulikuwa umekula kingo. Matuta yalikuwa yamebebana. Nilimwonyesha kwa mkono palipokuwa na gari la jeneza, na aliposimama mwinjilisti. Yeye akasema hapana, mwinjilisti alisimama huku. Tulikwenda mbele tukarudi. Lori likapita, tukasubiri lipite.

"Ni wewe uliyetuonyesha pa kuchimba," akasema, bila ukali.

"Ni mimi."

"Basi nionyeshe tena."

Niliyatazama yale matuta yote. Kwa kweli sikujua. Nikaenda mpaka kwenye tuta moja lililokuwa limetulia, lisilo na alama, nikasema, "Ni hapa, dada."

Alilitazama, akatazama barabara, akalitazama tena. Sijui kama aliniamini. Akapiga magoti akaanza kung'oa majani, nami nikachuchumaa upande wa pili nikaanza kung'oa pia.