Mchana wa Leo Hakuna Aliyetoka

Ndugu zangu tuliomaliza chuo pamoja, ninaandika kwa sababu leo nimekaribisha ofisi nzima mezani, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Msimamo wangu kuhusu lishe bora mnaufahamu: maboga ya kuchemsha, mchicha, maharage yasiyo na mafuta.

Wenzangu hapa Biharamulo hutoka kila mchana kwenda hotelini kula nyama ya kukaanga. Mimi hubaki nikisikiliza vicheko vyao vikipotelea njiani. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Twende."

Leo hoteli imefungwa. Nyama yote imekwenda kwa askari wanaopita kuelekea mpakani.

Kwa hiyo wote wamebaki.

Nikafunua bakuli (nakiri, siku hii nilikuwa naingoja) nikasema, "Karibuni, ndugu."



Mzee Bukuru, karani wetu mkuu, akasema kwa upole, "Kula tu, mwanangu. Chakula cha mgonjwa hakiliwi na wazima."

"Mgonjwa nani, mzee?"

Sabina, mpiga chapa wetu, akanikodolea macho. "Kumbe huumwi? Na sisi tunatoka bila kukuita tusikutamanishe!"

Wakacheka hadi machozi. Nami nikacheka. Muda wote huo nilidhani hawanitaki, kumbe walikuwa wakinihurumia.

Je, kama ningeuliza mapema? Nanyi mngeuliza?

Mzee Bukuru amekata shauri: hoteli ifunguliwe isifunguliwe, Jumatatu saa saba mchana tunatoka sote.